Mbio za Mikono Mitupu

Lukozi,
20 Machi 1994

Kwa Shangazi yangu Hamida,

Shikamoo Shangazi. Nimeketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, jua limetoka leo kwa mara ya kwanza tangu Idd, na kila mwenye nguo mbichi amekimbilia kuzianika. Huku wote wazima. Mkweo Idrisa anakuamkia. Ana kikohozi cha kusubiri malori barabarani alfajiri, lakini hakimzuii kubishana bei. Baba mkwe, Mzee Saidi, goti lake limetulia. Mama mkwe ni mzima kuliko sisi sote tukijumlishwa. Maharage uliyotuma yalifika, tuliyala sikukuu, na nusu nimeficha mbegu.

Ile harusi ya Maryam kabla ya Ramadhani bado inasimuliwa huku. Wanawake walicheza mpaka kanga zikawadondoka, nawe ukakaa kwenye mkeka na mikoba ya watu wote mapajani, kama ilivyo desturi yako. Nilitaka kuja kukuvuta mkono. Nikaliona lile jicho lako, nikarudi nilikotoka.

Sasa jambo lenyewe. Kwanza la furaha: nina mimba, mwezi wa nne unakwisha. Usininunie kwamba nimechelewa kukuambia. Mama mkwe alitaka isitangazwe mapema, nami nikatii.

La pili ni la hasira, na nikikuandikia wewe huenda nikapata usingizi.

Unajua nakimbia. Nimekimbia tangu niko mdogo hapo kwako Mgwashi, nikaikimbilia shule, nikaikimbilia wilaya mashindanoni hadi Tanga, na sasa ni mwalimu mzima bado kila asubuhi napandisha barabara ya kuelekea Magamba, nageuza, naoga, naingia darasani. Nakimbia na suruali ya michezo na kanga juu yake, sijamvunjia mtu heshima. Idrisa mwenyewe ndiye aliyenichagulia raba kwenye mitumba ya soko la Lushoto, zile nyeupe zenye mstari wa bluu.

Nilipojua nina mimba nilimuuliza Sista Klara, muuguzi wa kliniki. Nilidhani atanikataza. Akacheka, akasema mwili uliozoea hauna sababu ya kufungiwa ndani. Nikimbie polepole, kiasi cha kuweza kuongea na mtu wa pembeni, ninywe maji, nikichoka nitembee, na nikiona damu au maumivu niache nije mbio kwake. “Mbio za polepole,” akasema.

Basi nikaendelea. Wiki iliyopita mama mkwe akanisubiri mlangoni na ufagio mkononi. “Wewe mwalimu, unataka kumtikisa mjukuu wangu mpaka atoke kama embe?” Kumbe jirani zetu wameshakaa na kuamua. Mmoja anasema kitovu kitamzunguka mtoto shingoni. Mwingine anasema mtoto atazaliwa na moyo wa haraka, hatatulia mahali. Wa tatu, ambaye hata jina langu halijui vizuri, anasema mke anayekimbia asubuhi ana anakokwenda.

Shangazi, ningevumilia. Lakini hebu sikiliza. Wakati wa ushirika, lori la mboga lilikuwa na siku yake na lilisubiri watu. Siku hizi wanunuzi ni watu binafsi, wanatoka Dar na malori yao, hawamjui mtu, lori likijaa linaondoka. Kwa hiyo likisikika likipiga honi kule kwenye kona, Lukozi nzima inateremka mlima mbio. Na wanaoteremka ni akina nani? Wanawake, wenye matenga ya kabichi vichwani. Wajawazito wamo. Mimi nimo! Mama mkwe mwenyewe ndiye anayenigongea dirisha: “Rukia, gari hilo, kimbia!” Ananiwekea ngata kichwani, ananitwisha tenga, ananisukuma mgongoni.

Yaani nikikimbia na kabichi kichwani kwenye utelezi, mimi ni mke mwema. Nikikimbia mikono mitupu kwenye barabara iliyonyooka, naua mtoto. Siku hizi wanasema kila kitu ruksa. Naona kimebaki kimoja tu, mke wa mtu kukimbia.

Niandikie Shangazi. Wewe neno lako hapa lina uzito, baba yangu hayupo na wote wanajua ndiwe uliyenilea. Andika mistari miwili tu ya kuniunga mkono, nitambandikia mama mkwe ukutani.

Mwanao,
Rukia


Mgwashi,
11 Aprili 1994

Mwanangu Rukia,

Marahaba. Barua yako ilikaa wiki mbili Soni kwa sababu mvua imekata barabara na basi halipandi. Mimi sijambo. Mahindi yameota vizuri. Mbuzi mwekundu amezaa mapacha, mmoja amekufa. Paa la jikoni linavuja palepale alipopaziba baba yako, Mungu amrehemu, hakuwa fundi.

Nimefurahi kwa habari ya mimba. Nimeisoma mara nyingi sehemu hiyo.

Sehemu nyingine nimeisoma mara moja. Acha kukimbia.

Hutapata mistari miwili ya kubandika ukutani. Mama mkwe wako amesema kweli na mimi niko upande wake. Una miguu miwili itakayokuwepo mwakani, mbio utazikuta. Mimba ikiondoka huipati tena kwa kuita. Unaniandikia habari za Sista Klara. Sista Klara akimaliza kazi anafunga mlango anakwenda kwake, hatakuja kukaa na wewe siku watu watakapokunyooshea vidole. Na watu wakikunyooshea vidole, Rukia, havishuki. Unazeeka navyo.

Usiniulize nimejuaje. Nina sababu zangu na si za kuandikwa.

Habari za kabichi sijui. Kazi ni kazi, kila mwanamke amebeba. Tusigeuze maneno.

Unasema neno langu lina uzito. Basi hilo ndilo neno langu. Ukitaka nilale usingizi, weka hizo raba mahali pa juu.

Nakutumia na mtu wa basi magimbi na chupa ya samli. Samli usiwagawie wote.

Shangazi yako,
Hamida


Lukozi,
24 Aprili 1994

Shangazi,

Shikamoo. Magimbi yamefika, samli imefika, wote wanakushukuru. Tuko wazima. Mvua huku ni hiyohiyo, watoto wanakuja shuleni na matope mpaka magotini nami nafundisha hesabu mbele ya watu waliovaa soksi za udongo.

Nimekutii. Natangulia kusema hivyo ili uendelee kusoma. Nimeacha kukimbia tangu siku ilipofika barua yako. Wala sikuhitaji kuziweka raba mahali pa juu, mama mkwe alishazichukua, hasemi alikozipeleka. Nikimuuliza anapangusa vyombo.

Lakini kutii si kukubali, na nina hasira na wewe kuliko nilizo nazo na Lukozi nzima. Wao hawanijui. Wewe, je? Nani alinifanya mkimbiaji? Si wewe uliyekuwa unanituma chumvi dukani, unatema mate chini mlangoni na kusema, “Nenda, haya mate yakikauka hujarudi utanitambua”? Nilikuwa nakimbia kama kichaa kwa ajili ya mate yako! Nikirudi naona bado yana unyevu, nawe unacheka, unasema, “Hata mwenye baiskeli hakupati.” Siku niliposhinda Tanga nilikuwa nawaza mate, sikuwa nawaza medali. Sasa leo unaniandikia kama mgeni, unaniambia una sababu si za kuandikwa. Basi ziseme kwa mdomo! Au zimekauka nazo?

Nisamehe kwa maneno hayo. Hapana, usinisamehe, nimeyasema nikiwa timamu.

Idrisa amegeuka. Mwanzoni alikuwa anacheka, sasa mama yake akisema neno la kwanza, yeye anamalizia la pili. Jana kaniambia labda nirudi kwako Mgwashi nikajifungulie huko, “upumzike”. Nikamuuliza kazi yangu je, akasema kazi zipo. Nikamuuliza nikirudi na mtoto nitapokelewa, akaenda kuangalia ng'ombe. Shangazi, unajua na mimi najua, mke akirudishwa kwao na tumbo kwa kosa lililojadiliwa kijiji kizima, hayo si mapumziko.

Na asubuhi hii honi ililia kwenye kona. Nani aligongewa dirisha? Mimi. Tumbo sasa linaonekana kwa kila mwenye macho. “Rukia, gari hilo, kimbia!” Nikakimbia na tenga langu, na wale wanaosema naua mtoto wakanipisha njia niwahi.

Wewe uliandika “kila mwanamke amebeba”. Sasa nakuuliza kitu kingine ambacho sijawahi kukuuliza maisha yangu yote. Kwa nini huna mtoto? Na kwa nini huchezi?

Usipotaka kujibu usijibu. Nimeshazoea.

Rukia


Hospitali, Lushoto
19 Mei 1994

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu lako na sasa sijui kama ni mvua au ni mimi.

Usishtuke, mtoto yu hai. Wamemsikiliza asubuhi na jioni, moyo unapiga. Naandika nimelala, ndiyo maana mistari inateremka.

Jumatatu honi ililia kukiwa na ukungu. Mama mkwe alinitwisha. Kwenye ule mteremko wa juu ya barabara udongo ulikuwa kama sabuni. Niliteleza, tenga likatangulia, nikaanguka kwa ubavu, na baada ya muda kidogo nikaona damu. Wanawake walipiga kelele. Wengine walinikalisha, na wengine, Shangazi, wengine waliokota kabichi. Zilikuwa zimetawanyika mpaka kwenye mtaro. Wakazikusanya, wakazifuta, zikapakiwa. Kabichi za Mzee Saidi ziliondoka Lukozi kabla mimi sijapata gari la kunileta hospitali.

Damu imesimama. Nimeamriwa kulala, nisibebe kitu chochote.

Na sasa shika moyo. Jana mama mkwe alikuja na uji. Akakaa kitandani, akalia, nikamwonea huruma. Mara akamgeukia mgonjwa wa jirani, akamwambia, “Ni mbio hizi, dada. Tulimkataza.”

Mbio! Sijakimbia tangu Aprili! Nilitaka kukaa kitandani nimjibu, muuguzi akanirudisha chini. Idrisa alikuwa amesimama hapo mlangoni, anajua, ndiye anayelala na mimi kila siku, anaona siamki kwenda kokote. Akatazama viatu vyake.

Kutakuwa na kikao nyumbani Ijumaa tarehe 3 Juni, baada ya swala. Wataamua kama nirudishwe kwetu. Wametaka mtu wa upande wangu aje, na upande wangu una mtu mmoja tu. Kama utakuja kusema walivyosema wao, basi usije, nitakwenda kusimama peke yangu.

Rukia


Mgwashi,
25 Mei 1994

Mwanangu,

Barua yako nimeipata jana. Ile ya Aprili niliipata mwezi ule ule na nilikaa nayo. Haikuwa mvua.

Sitaanza na habari za mbuzi.

Nakuja. Nitafika Alhamisi, siku moja kabla ya kikao. Waambie wasinichinjie kuku, sitakuja kula.

Uliniuliza maswali mawili na jibu lake ni moja. Nimekaa na kalamu hii tangu adhuhuri. Kuandika nilijifunzia kisomo cha watu wazima, na mwalimu hakutufundisha kuandika mambo kama haya.

Niliolewa Bumbuli kabla hujazaliwa. Mwaka wa Uhuru nilikuwa na mimba, kubwa kupita yako. Usiku wa Uhuru wenyewe walipiga ngoma uwanjani, watu walikuja kutoka kila kilima, na mimi nikacheza. Nilicheza sana, Rukia. Nilikuwa najua kucheza, uliza waliobaki hai. Nilirudi nyumbani mzima, nikalala mzima, nikaamka mzima.

Wiki iliyofuata mama mkwe wangu alinituma kuni. Mzigo ulikuwa mkubwa, mvua ilinikuta mteremkoni, nikaanguka nao. Mtoto alizaliwa siku ile ile, wa kiume. Hakulia.

Wote wakasema ni ngoma. Mama mkwe, mume wangu, mkunga, hata mama yangu mwenyewe mzazi. “Hukuambiwa usicheze?” Mzigo haukutajwa hata na mtu mmoja. Mtu alirudi njiani akazichukua zile kuni, na ndizo zilizochemshia maji waliyoniogeshea. Niliziona jikoni. Nilizijua, kulikuwa na gogo moja la mkaratusi lenye kifundo. Na bado nikaamini ni ngoma! Nikarudishwa kwetu, nikapewa talaka, na sikushika mimba tena. Nililipokea lile neno kama mwanamke anavyopokea mzigo, nikainama, nikatwishwa, nikaenda nalo. Miaka yote hii kila ngoma ikilia mimi nashika mikoba ya watu.

Ulipoandika kwamba unakimbia na mimba niliogopa sana. Ndiyo maana ile barua yangu ilikuwa vile. Sikuwa upande wa mama mkwe wako. Nilikuwa mteremkoni.

Halafu jana nikasoma kuhusu kabichi. Nikasoma walivyoziokota. Nikasimama peke yangu hapa jikoni nikasema kwa sauti, mbuzi akanitazama: “Ni kuni!” Nina miaka zaidi ya hamsini, ndiyo kwanza nimesema.

Nina hasira, mwanangu. Sijui hata niiweke wapi, hainitoshi nyumbani. Nitakuja nayo Lukozi.

Lala. Usibebe kitu.

Hamida


Lukozi,
19 Juni 1994

Shangazi yangu,

Shikamoo, na tena shikamoo. Natumaini basi lilikufikisha salama na paa halikuwa limeanguka. Mimi niko nyumbani, nakula, nalala. Mtoto anarusha mateke, sana sana wakati wa kipindi cha salamu redioni.

Uliondoka siku ile ile ya kikao na hukuyaona yaliyofuata, kwa hiyo nakusimulia. Lakini kwanza naandika kikao kilivyokuwa, kwa sababu hapa kijijini wameshaanza kusimulia vingine. Wanasema ulikuja kumtukana mama mkwe. Mimi nilikuwa chumba cha pili, mlango ukiwa wazi, na nilisikia kila neno. Mtu akikuuliza, mwonyeshe karatasi hii.

Walianza wao. Wakasema nimeonywa, nimekaidi, nimeanguka. Wewe hukukatiza. Walipomaliza ukamwita baba mkwe kwa heshima ya Kisambaa, ukasema, “Mghoshi Saidi, mimi nina maswali tu. Siku aliyoanguka alikuwa anakimbia?”

Mama mkwe akawahi. “Alikuwa anakimbia!”

“Akikimbilia nini?”

“Gari la mboga.”

“Na kichwani alikuwa na nini?”

Ukauliza tena vile vile, bila kupandisha sauti. Mwisho Mzee Saidi akasema, “Kabichi.”

“Za nani?”

“Zangu.”

“Aliyemtwisha ni nani?”

Ndipo ukawasimulia habari zako za Bumbuli, na Shangazi, mimi nilikuwa nimezisoma lakini nikalia tena, na Idrisa nilimsikia akipenga kamasi. Mama mkwe akasema, “Mimi nimelea saba, na mizigo yangu kichwani mpaka siku ya uchungu. Mbona hawakufa?” Ukamwuliza, “Na uliowazika ni wangapi?” Hilo ndilo wanaloliita tusi. Mimi nilikuwapo. Uliuliza polepole, kama unavyomwuliza mtu jina lake.

Mama mkwe alijifunika kanga, kikao kikavunjika, ukapanda gari lako.

Sasa ambalo hukuliona. Jua likiwa linazama mama mkwe alikuja chumbani kwangu. Alikuwa ameshika raba zangu. Kumbe zilikuwa ndani ya gunia la mbegu za viazi, moja imetafunwa kisigino na panya. Akaziweka chini, akazipanga sawasawa, kushoto na kulia. Nikangoja aseme. Akasema neno moja tu, “Wawili.” Akatoka kwenda kukamua ng'ombe.

Tangu siku hiyo hajanigongea dirisha. Honi ikilia anatoka Idrisa. Anabeba tenga begani kwa sababu kichwani hajui, linamtelezea, na wanaume wanaokaa dukani wanamcheka mpaka wanashika mbavu. “Mwalimu amekupa kazi?” Basi ona watu hawa! Mwanamke akikimbia bila mzigo ni mwuaji, mwanamume akibeba mzigo ni kichekesho. Nilitaka kwenda pale dukani niwape somo. Idrisa kanizuia, kasema waache wacheke, lori halisubiri. Mzee Saidi naye amesema kabichi zikikosa lori na zioze. Alisema kwa uchungu, lakini alisema.

Sista Klara amenipima Alhamisi. Damu haijarudi. Amenipa ruhusa ya kutembea tambarare, na baada ya wiki chache, nikiwa vizuri, kukimbia kidogo kidogo.

Nitakwenda. Sitaki kushindana na mtu. Nataka tu hao wanawake wanione nikipita na mikono mitupu.

Mwanao,
Rukia


Mgwashi,
2 Oktoba 1994

Mwanangu Rukia,

Marahaba. Nimefika salama tangu Jumatano. Mbuzi wako wazima. Paa sasa litazibwa na fundi, nimechoka kumheshimu baba yako kwa ndoo.

Arobaini ya mtoto ilikuwa nzuri, pilau lilikuwa na chumvi nyingi. Mmempa jina la bibi yake, Mwanaisha. Ni haki, upande wa baba hutangulia. Sikukasirika. Nilikasirika kidogo, hasira ikaniisha nilipofika Magamba.

Nimefurahi kumwona amenenepa. Wale waliosema atazaliwa na kitovu shingoni niliwapa wambebe mmoja mmoja wamkague. Yule aliyesema hatatulia mahali, mtoto alimlalia begani akakoroma. Na wewe nilikusikia unavyowasimulia kwamba ulikimbia mpaka mwezi wa nane, ilipobaki kutembea tu. Uliwasimulia kwa sauti kubwa. Ulifanya vizuri. Akianza kujua njia ya dukani mlete kwangu, mate bado ninayo.

Huyo Mwanaisha mkubwa, mama mkwe wako, naye nimemwonea ajabu. Ngoma ilipoanza nilikuwa nimekaa mahali pangu na mikoba yote mapajani, uliniona. Akaja, hakusema kitu, akaninyang'anya mikoba, akakaa yeye mkekani akaikumbatia. Nikabaki na mapaja matupu. Nikasema basi nikasimame tu kidogo, nione.

Nasikia huko bado wanaongea. Wanasema mtu mzima, mtalaka, alicheza mpaka wapiga ngoma wakaomba maji. Waongee.

Tangu nirudi siwezi kutembea. Magoti yote yamevimba, jirani ndiye anayenichotea maji, na hapa Mgwashi kila mtu anauliza nimepatwa na nini. Nimewaambia ni kwa sababu nilicheza ngoma. Safari hii ni kweli.

Shangazi yako,
Hamida